Ohinga Bila Njia: Barua ya Wazi kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya na Serikali za Kaunti za Migori na Homa Bay

MINT: KUTAMBULIWA KISHERIA KWA NJIA ZA MIGUU ZINAZOUNGANISHA MABOMA YA KALE YA MAWE KANDO YA ZIWA VICTORIA

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu jambo lisilohitaji mkopo kutoka nje wala kungoja barabara ya lami, nalo ni kupimwa, kutambuliwa na kulindwa kisheria kwa njia za miguu zinazopita katika nchi ya maboma ya kale ya mawe, kuanzia Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, kupitia kandokando ya bonde la Lambwe na milima ya Gwasi, hadi Mbita, Rusinga na Mfangano katika Kaunti ya Homa Bay. Njia nyingi kati ya hizo zipo tayari, kwa kuwa hupitwa kila siku na wachungaji, watoto wa shule na akina mama waendao sokoni, ila hazimo katika ramani yoyote inayoweza kutegemewa mahakamani. Na njia isiyokuwa na ramani, katika eneo ambalo ardhi hugawanywa, huuzwa na kuzungushiwa seng'enge mwaka hadi mwaka, huweza kufungwa na mtu mmoja kwa siku moja pasipo yeyote kuulizwa.

Kwa msomaji asiyelifahamu eneo hili, ohinga, ambayo kwa wingi katika Kidholuo huitwa ohingni, ni boma kubwa lililozungushiwa ukuta wa mawe, ambamo watu wa ukoo mmoja au wa koo zilizoungana waliishi pamoja na mifugo yao. Thimlich, jina ambalo wenyeji huhusisha na msitu mnene wa kutisha, iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, nayo ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko zote. Wataalamu wanakadiria kwamba kuta zake zilijengwa katika karne ya 16, na kwamba desturi ya kujenga na kukaa ndani ya maboma ya namna hii iliendelea katika eneo la ziwa mpaka katikati ya karne ya 20. Inaaminika kwamba wajenzi wa mwanzo walikuwa jamii za Kibantu, na kwamba baadaye makundi ya Waluo yaliyokuwa yakiingia kutoka kaskazini yalizikuta kuta hizo, yakahamia ndani yake, yakazikarabati na kuziongeza. Kwa hiyo ohinga si mali ya kabila moja katika historia, ingawa leo ulinzi wake umo mikononi mwa watu wanaosema Kidholuo, na ukweli huu una uzito katika nchi ambayo siasa zake hupenda kumwuliza kila mtu babu yake alitoka wapi.

Ufundi wa kuta zenyewe unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hoja ya barua hii. Kuta zina kimo kinachofika zaidi ya mita 4, na unene wa mita 1 hadi 3, na zote zimesimamishwa bila udongo, chokaa wala saruji. Mawe hayakuchongwa kwa kipimo kama matofali ya granite yaliyopangwa kwa safu katika Zimbabwe Kuu, bali yaliokotwa yalivyo, makubwa kwa madogo, yenye kingo za kila aina, kisha kila jiwe likatafutiwa mahali linapokubali kukaa. Na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kusimamisha hata ukuta mfupi kwa mawe ya namna hiyo anajua kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile ya mawe yaliyochongwa. Ukuta hujengwa kwa tabaka tatu, yaani uso wa nje, uso wa ndani, na katikati yake jazo la mawe madogo linaloshikamanisha nyuso hizo mbili, na pale penye hatari ya kuporomoka huongezwa viegemeo vya mawe vinavyoutia ukuta nguvu. Ukuta wenyewe haukunyooka, bali unapindapinda, na mpindo huo huugawa uzito wake. Malango ni membamba na mafupi, yamefunikwa kwa mawe marefu bapa yanayobeba uzito wa juu, hivi kwamba aingiaye hulazimika kuinama, na adui aliyeinama hana nafasi ya kuinua mkuki.

Ndani ya Thimlich mna maboma makubwa manne, ambayo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ndani ya kila moja zimebaki alama za mashimo ya nyumba, zizi la ng'ombe, na vijiboma vidogo vilivyotenga sehemu moja na nyingine, na katika eneo hilo vimepatikana vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, shanga za kioo na mabaki ya kazi ya chuma. Shanga hizo zinaonyesha kwamba watu wa hapa hawakuwa wamefungiwa na kuta zao, kwa kuwa vioo havikutengenezwa Nyanza. Vilipita mikono mingi kabla ya kufika, na kila mkono ulikuwa na njia yake ya miguu. Katika Kochieng huonyeshwa pia vishimo vilivyochongwa katika mwamba kwa ajili ya mchezo wa bao, ambao Waluo huuita ajua. Jambo hili dogo lina maana kubwa kwa wanaodhani kwamba ohinga ilikuwa ngome ya vita tu, kwani askari walinzi hawahitaji kuchonga mwamba ili wacheze. Wanaochonga mwamba ni watu waliokusudia kukaa.

Thimlich, hata hivyo, haikusimama peke yake. Uchunguzi wa wanaakiolojia, Isaya Onjala akiwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa katika uwanja huu, umeorodhesha maeneo 138 yenye jumla ya miundo 521 ya mawe katika ukanda huu wa ziwa. Hesabu hiyo ikichukuliwa kwa uzito, picha inabadilika kabisa, maana kinachoonekana si mnara mmoja wa kale katikati ya vichaka, bali mtandao wa makazi uliotawanyika juu ya vilima, kila kimoja kikiwa karibu na maji, malisho na mawe ya kujengea, na vyote vikiunganishwa na mapito ya mifugo, ya ndoa, ya biashara ya vyungu na chuma, na ya kukimbilia wakati wa uvamizi. Boma lililotengwa na njia zake ni sawa na sentensi iliyong'olewa kitenzi: maneno yapo, lakini hayasemi kitu.

Hapo ndipo penye upungufu ambao barua hii inauleta mbele ya waheshimiwa kwa heshima zote. Mwaka 2018, Kamati ya Urithi wa Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO), katika kikao chake cha Manama, Bahrain, iliiandikisha Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia, nayo ikawa eneo la saba la Kenya kupata hadhi hiyo. Lilikuwa tendo la haki, na Makavazi ya Taifa yanastahili pongezi kwa miaka mingi ya ukarabati na maandalizi yaliyolitangulia, ikiwa ni pamoja na kazi iliyoungwa mkono na Hazina ya Dunia ya Minara ya Kale baada ya Thimlich kuwekwa katika orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2000. Lakini kilichoandikishwa kinaitwa eneo la akiolojia, nalo lina hekta 21 tu, likizungukwa na ukanda wa kinga wa hekta 33, yaani ardhi inayopaswa kudhibitiwa ili shughuli za jirani zisiharibu urithi wenyewe. Nje ya mipaka hiyo, mamia ya miundo mingine imebaki katika mashamba ya watu, bila mlinzi, bila kibao, na mara nyingine bila hata jina katika daftari la serikali, huku mawe yake yakiwa mali rahisi kwa yeyote anayetaka kujenga msingi wa nyumba au ukuta wa choo.

Ingekuwa kosa kuwalaumu wanavijiji kwa hilo. Kwa vizazi vingi ni wao, si serikali, waliozilinda kuta, kwa sababu desturi ya Waluo huitazama gunda, yaani mahali palipokuwa boma na sasa pamehamwa, kuwa ni mahali pa waliotangulia, pasipochezewa ovyo. Desturi hiyo inapungua nguvu kadiri ardhi inavyokatwa vipande na kuuzwa kwa wageni wasiojua ni nani aliyezikwa wapi. Aliyenunua ekari mbili zenye rundo la mawe katikati haoni urithi. Anaona mawe yanayomzuia kulima, na hakuna mtu anayepita hapo kumweleza vinginevyo. Njia ya miguu inayotumika ndiyo huleta mtu wa kueleza, na pia ndiyo huleta jicho la kuona jiwe lililoondolewa wiki iliyopita.

Kuhusu mamlaka, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imegawa kazi hii kwa namna inayoruhusu kila upande kusubiri mwenzake. Jedwali la Nne linaiachia serikali ya taifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na wakati huohuo linazipa kaunti utalii wa ndani ya kaunti, makumbusho ya kaunti na barabara za kaunti. Matokeo yake ni kwamba Makavazi husimamia kilicho ndani ya uzio, kaunti husimamia barabara inayofika kwenye uzio, na njia ya miguu inayotoka upande wa pili wa uzio kuelekea ohinga nyingine haimo katika kazi ya mtu yeyote. Ugatuzi haukukusudiwa kuzaa pengo la namna hii, lakini pengo lipo, na halitazibwa na warsha nyingine ya wadau.

Sheria ya kuliziba ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua kitu kinachoweza kuitwa haki ya jumuiya ya kupita, yaani haki ya umma au ya kundi la watu kutumia njia inayokatiza ardhi ya mtu binafsi bila ardhi hiyo kuacha kuwa yake, na inaruhusu serikali ya kaunti, chama au kundi lolote la watu kuiomba haki hiyo kutoka kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria hiyohiyo inataka mwenye ardhi alipwe fidia, jambo ambalo ni la haki na pia la busara, kwa kuwa mkulima aliyelipwa na kutia sahihi huwa mlinzi wa njia, ilhali mkulima aliyelazimishwa huwa wa kwanza kuipandia mahindi. Ikumbukwe kwamba kinachoombwa ni ukanda mwembamba wa kutosha watu wawili kupishana na mbuzi, si barabara ya magari; fidia yake haiwezi kulinganishwa na gharama ya kilomita moja ya lami, na maafisa wa upimaji wa kaunti zote mbili wana ujuzi wa kutosha kuifanya kazi hiyo.

Mfano wa nchi nyingine ambako hatua hii ilichukuliwa na kuzaa matunda, na pia matatizo, ni Italia ya kati, katika nchi ya Ziwa Bolsena kaskazini mwa Roma. Ziwa hilo limekaa katika shimo la volkano iliyozimika, na kando yake kuna mabaki ya miji ya Waetruski, watu walioishi Italia kabla ya dola ya Roma kupanuka, pamoja na vijiji vya zama za kati vilivyojengwa juu ya miamba. Katika nchi hiyo hupita Via Francigena, njia ya mahujaji iliyotoka Canterbury hadi Roma, ambayo vituo vyake viliandikwa na Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury mwaka 990 hivi alipokuwa akirudi Uingereza, na Bolsena ni kimojawapo. Njia hiyo ilikuwa karibu kusahaulika. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya likaitambua kuwa njia ya utamaduni, na tangu hapo manispaa, parokia na wakulima wakaanza kukubaliana, kijiji kwa kijiji, ni wapi msafiri apite. Leo mtembeaji anayetoka Bolsena kwenda Montefiascone hukanyaga, katika sehemu fulani za safari yake, mawe yaleyale ya barabara ya Kirumi iitwayo Via Cassia. Vijiji vilivyokuwa vikihamwa na vijana vilipata sababu ya kuwa na mkate asubuhi na kitanda jioni.

Karibu na ziwa hilohilo kuna kijiji cha Civita di Bagnoregio, kilicho juu ya mwamba unaomong'onyoka, ambacho kinafikiwa kwa daraja la miguu pekee. Wakazi wake wa kudumu hawazidi watu wachache, lakini wageni wanaomiminika ni wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2013 manispaa imekuwa ikitoza ada ya kuingia, kama mtu aingiavyo makumbusho. Mapato yameonekana, na bado kijiji kimekuwa jukwaa ambalo wenyeji wake wamebaki kuwa mapambo. Tofauti kati ya Bolsena na Civita inafaa kutazamwa kwa makini na kaunti mbili zinazoandikiwa barua hii: njia ndefu huwatawanya wageni na fedha zao katika vijiji vingi, ilhali kituo kimoja chenye lango huwakusanya wote mahali pamoja na kupachosha. Mpango wowote unaoanza na hoteli kubwa mlangoni mwa Thimlich unachagua njia ya Civita.

Hata hivyo si kila ohinga inafaa kupitiwa, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli kuliko fidia na ramani. Ukuta usio na saruji hustahimili mvua na jua kwa karne nyingi, lakini haustahimili mtu anayepanda juu yake ili apige picha. Jiwe moja la juu likisukumwa, uzito unahama, jazo la katikati linaanza kumwagika, na uso mzima huweza kufunguka katika msimu mmoja wa mvua. Miti nayo ina sura mbili, kwa kuwa mizizi yake huzitenganisha kuta na matawi yake huanguka juu yake, ilhali kuifyeka yote huiacha ardhi wazi kwa maji yatiririkayo. Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba njia ifike kwenye maboma machache tu, yale ambayo mafundi wameyakagua na kuyaimarisha, na kwamba mengine yaandikwe katika daftari la Makavazi na kujulikana na wazee wa mahali, lakini yasitiwe katika ramani ya mgeni wala katika simu za mkononi. Urithi wote si lazima uonyeshwe ili uheshimiwe.

Kenya yenyewe ina uzoefu wa jambo hili katika pwani yake. Katika makaya ya Wamijikenda, ambayo ni misitu mitakatifu yenye mabaki ya vijiji vilivyozungushiwa maboma na ambayo baadhi yake yaliandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, mtu haingii popote apendapo, bali hupita katika njia iliyowekwa, chini ya usimamizi wa wazee. Katika Kaya Kinondo, Kaunti ya Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, hupewa mwelekezi wa mahali, na huelezwa mapema asiyoruhusiwa kufanya. Hakuna mtalii aliyeonekana kukimbia kwa sababu ya kanuni hizo. Kinyume chake, kanuni ndizo zinazompa hakika kwamba amefika mahali penye wenyewe. Wazee wa maeneo ya Kadem, Kanyamkago na Gwasi, katika nchi hii ya ohingni, hawapungukiwi na kanuni za namna hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza na kuziandika kabla kizazi chao hakijaisha.

Njia yenyewe inaweza kuanza kwa sehemu fupi. Kutoka Thimlich kuelekea magharibi, mtembeaji hodari hufika kwenye ghuba ya Karungu, ambako mwanajiolojia Felix Oswald alichimbua mwaka 1911 mifupa ya wanyama wa kale sana iliyogeuka mawe, na ambako hadi leo mitumbwi ya wavuvi huanikwa ufukweni. Kutoka hapo kuelekea kaskazini, milima ya Gwasi hubaki upande wa ziwa na bonde la Lambwe upande wa bara. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyomo bondeni, ni makao ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki huko tu. Njia ya miguu haipaswi kuikatiza kwa sababu ya nyati na vifaru, na kwa sababu bonde hilo lina historia ndefu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, bali ipite nje yake kwenye miinuko. Mbele yake ni Mbita, kisha Rusinga, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alifukua mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aitwaye Proconsul, na ambako limo kaburi la mwanasiasa Tom Mboya. Mfangano hufikiwa kwa mashua, na katika miamba yake, hasa Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya duara nyekundu na nyeupe ambayo Wasuba wa kisiwa hicho waliihusisha na maombi ya mvua. Katika safari ya siku chache za miguu, basi, mtu hupita katika masimulizi ya mamilioni ya miaka bila kupanda gari, na sehemu chache sana duniani zinaweza kusema hivyo. Ifahamike tu kwamba wakati wa masika udongo mweusi wa bondeni hushika miguu kama gundi, na ratiba ya wageni lazima iufuate msimu.

Faida kwa wenyeji haitakuja yenyewe. Mtalii anayefika Thimlich kwa gari kutoka mji wa mbali, akatazama kuta kwa saa moja na kuondoka, huacha ada ya kiingilio na vumbi. Mtembeaji hana budi kula, kunywa, kulala na kuuliza njia, na kila moja ya mahitaji hayo ni kazi ya mtu wa kijijini: mwelekezi aliyefundishwa, mama anayepika samaki na kuon, yaani ugali, bwana mwenye chumba cha ziada, kijana wa bodaboda anayebeba mzigo hadi kituo cha pili. Ili kazi hizo zisinyakuliwe na makampuni ya mijini, kaunti zinaombwa ziweke kanuni kwamba waelekezi wa njia hii wapewe leseni kwanza kutoka vijiji ambavyo njia inapita, na kwamba sehemu ya ada inayokusanywa Thimlich irudi kwenye vijiji hivyo kwa hesabu inayobandikwa hadharani sokoni.

Kazi moja zaidi inastahili kutajwa, nayo ni ya mafundi. Mwaka uleule wa 2018 ambapo kuta za Thimlich ziliandikishwa, UNESCO iliandikisha pia, katika orodha nyingine ya urithi usioshikika, ufundi wa kujenga kuta za mawe bila saruji, lakini wenye ufundi huo waliotambuliwa walikuwa wa nchi nane za Ulaya, zikiwemo Italia, Ugiriki na Kroatia. Huko kuta ni nyingi na mafundi wanarithishana. Nyanza ina kuta, na kwa kuwa desturi ya ohingni ilidumu hadi karne iliyopita, haiwezekani kwamba maarifa yote yamezikwa. Njia ya miguu inahitaji ngazi za mawe, vivuko vya vijito na kuta ndogo za kuzuia mmomonyoko, na kila kimoja kati ya hivyo ni nafasi ya kumfundisha kijana kuchagua jiwe na kulikalisha, chini ya macho ya mafundi wa Makavazi ambao tayari wamekarabati Thimlich. Kumpa zabuni mkandarasi wa saruji kwa kazi hiyo kungekuwa aibu.

Yapo yatakayosemwa kinyume cha haya. Itasemwa kwamba wananchi wa Nyatike na Suba, maeneo ambayo njia itapita, wanahitaji maji, hospitali na barabara kabla ya njia za watalii, na hoja hiyo ni kweli kwa nusu. Lakini njia inayoombwa ni ileile inayomfikisha mtoto shuleni na mgonjwa zahanati, na kuipatia ulinzi wa sheria ni kumhudumia mwenyeji kwanza, mgeni akifuata nyuma yake. Itasemwa pia kwamba Wakenya hawapendi kutembea kwa ajili ya starehe. Wanaosema hivyo hawajaona umati wa vijana unaopanda vilima vya Ngong na mlima Longonot kila wikendi kwa kulipa kiingilio kutoka mifukoni mwao. Na itasemwa, hasa na wapangaji wa miradi mikubwa, kwamba njia ya miguu haina sherehe ya kuzindua wala jiwe la msingi la kuwekwa. Hoja hiyo haina jibu, isipokuwa kwamba kuta za Thimlich nazo hazikuzinduliwa na mtu.

Kwa hayo yote, Makavazi ya Taifa ya Kenya yanaombwa yafungue daftari la ohingni zote zilizoorodheshwa, zilizo ndani na nje ya hekta 21, na kuteua kwa kushauriana na wazee zile chache zinazoweza kutembelewa. Serikali za Kaunti za Migori na Homa Bay zinaombwa ziunde kamati moja ya pamoja, si mbili, kwa kuwa mpaka wa kaunti haukuwapo wakati njia hizi zilipokanyagwa. Na Serikali ya Kaunti ya Migori, kabla ya msimu ujao wa bajeti, inaombwa iwasilishe kwa Tume ya Taifa ya Ardhi ombi la kwanza la haki ya jumuiya ya kupita kwa sehemu ya kutoka Thimlich hadi Karungu, pamoja na ramani iliyopimwa, majina ya wenye ardhi waliokubali, na fidia iliyotengwa. Sheria imeruhusu, wapimaji wapo, na ombi hilo halihitaji idhini ya mtu mwingine yeyote ili liandikwe.